Siku moja maishani mwangu: mpogoaji wa micheri michachu

Ndugu zangu wa Lushoto wakiulizwa ninafanya kazi gani Ujerumani, hujibu kwamba ninafyeka majani ya Wazungu, nami huwaacha, kwa sababu simu ya dakika tano haitoshi kueleza kwamba kazi hii nimeisomea miaka mitatu, darasani na bustanini, na kwamba bila cheti hakuna anayekukabidhi mti wake. Ninatunza bustani za nyumbani pembezoni mwa Dresden. Mwezi wa Julai bustani hizo hazina habari nyingine isipokuwa mcheri mchachu, mti wa cheri, tunda dogo jekundu lenye uchachu, kwa hiyo nitaeleza Alhamisi iliyopita ilivyokwenda.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekwisha kunywa chai na kupakia garini ngazi, ndoo, mikasi, msumeno wa mkono na spiriti ya kusafishia makali. Tunaanza mapema kwa kuwa cheri iliyochumwa ikiwa bado na ubaridi wa usiku huvumilia, ilhali ile ya mchana hulainika kabla ya kufika jikoni.

Bustani ya kwanza sina la kuieleza: nilichuma, nikafagia, nikaondoka.

Saa mbili na nusu, bustani ya pili. Kabla ya kuchuma nilichukua cheri kumi, nikaziminya kidogo na kuzitumbukiza katika bakuli la maji ya chumvi. Baada ya robo saa, funza weupe, wembamba kama uzi, walianza kuchungulia. Hao ni watoto wa nzi mdogo mwenye asili ya Asia, aliyeonekana Ujerumani kwa mara ya kwanza mwaka 2011, ambaye ana tabia ya kutoboa tunda zima lisilo na jeraha na kutaga mayai ndani yake. Nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba yafaa tuchume zote siku hiyohiyo, hata zilizoanguka, tusimwachie nzi pa kuzaliana. Alilitazama bakuli, akanishukuru, kisha akasema kwamba Jumapili hii atanunua keki dukani.

Saa nne asubuhi nilifika kwa mzee mmoja mstaafu, na hapo ndipo siku ilipokwama.

Mti wake ni Schattenmorelle, aina ya zamani inayopendwa sana katika bustani za huku, kwa kuwa hujichavusha wenyewe na mwenye kiwanja kidogo hahitaji kupanda wa pili. Ulipandwa na marehemu baba yake. Matawi yake yalikuwa yamerefuka na kuning'inia kama kamba za kuanikia nguo, yakiwa uchi kuanzia shinani, na majani na matunda yamebaki nchani tu. Mtu wa kawaida huona mti mzee uliochoka. Mimi niliona mti uliopogolewa vibaya kwa miaka mingi, kwa sababu aina hii huzaa karibu matunda yake yote kwenye vitawi vilivyoota mwaka uliotangulia. Usipoyafupisha matawi yaliyokwisha kuzaa, kila mwaka uzazi husogea mbele kidogo na nyuma yake hubaki ufito mtupu.

Mzee alivuta kiti akaketi chini ya ngazi yangu. Kwanza aliuliza kwa nini ninakata vikonyo kwa mkasi badala ya kuvuta tu. Nilimjibu kwamba cheri hii ikivutwa huchanika na kumwaga maji yake ndooni, na wakati mwingine huondoka na gamba la kitawi, nalo jeraha huwa mlango wa ugonjwa wa ukungu. Alinyamaza kwa muda wa ndoo moja. Kisha aliuliza kama kwetu kuna cheri. Nilisema hakuna, kwani mti huu hudai takriban saa 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 kila majira ya baridi ndipo uchanue sawasawa, na Lushoto, pamoja na masweta yetu yote, haifiki huko. Sisi tuna plamu na pichi, ambazo ni za ukoo mmoja na cheri.

"Basi wewe umejuaje?" akauliza.

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba jibu la maneno limeniishia. Niliendelea kukata.

Tulipomaliza kuchuma, mizani ilionyesha kilo 22, nami nikashika msumeno. Mzee alisimama. Alisema kwamba miti hupogolewa Februari, kwamba baba yake alipogoa Februari, na kwamba hakunilipa niuvue mti nguo katikati ya kiangazi. Nilimweleza kwamba Februari ni sawa kwa mtufaa, bali mcheri mchachu hukatwa mara tu baada ya mavuno, wakati vidonda vyake vinapofunga upesi. Akasema atampigia simu bosi wangu. Akampigia. Bosi alikuwa kwa mteja mwingine, hakupokea, nasi tukangoja huku jua likinipiga kisogoni na nyigu wakizikusanyikia ndoo. Sijui tulingoja muda gani. Najua tu kwamba mkate wangu wa mchana niliula wima, na kwamba bustani ya nne niliiahirisha kwa ujumbe wa kuomba radhi.

Hatimaye nilikata kitawi kimoja kilichonyauka, ambacho hata Februari kingestahili kukatwa, nikampa akishike. Maua ya Aprili yalikuwa bado yameng'ang'ania, makavu, yenye rangi ya majani ya chai. Nilimwonyesha pale ukungu ulipoingilia kupitia maua wakati wa mvua, ukateremka ndani ya kitawi, na kando yake tone la utomvu lililoganda kama kaharabu. Aliligusa tone hilo kwa ukucha. Aligeuza kitawi mara mbili, akautazama mti juu hadi chini.

"Upande huu kata," alisema. "Ule wa dirishani uache."

Nilikata upande mmoja, kila ufito nikiurudisha hadi kwenye chipukizi changa kilicho karibu na shina, nikisafisha makali kila baada ya tawi lenye ugonjwa. Mabega yaliwaka moto. Nilipoteremka, mti ulifanana na mtu aliyenyolewa nusu kichwa, na sitaficha kwamba nusu iliyonyolewa niliitazama kwa fahari. Mzee alinipa kikombe kimoja cha cheri.

Nilifika nyumbani kukiwa bado kweupe, maana jua la Julai huku huzama saa tatu usiku. Nilizila cheri zile kwa chumvi na pilipili, kama embe bichi, kwa vidole ambavyo wekundu wake hautoki kwa sabuni. Kisha nilifungua shajara ya kazi, nikaandika kwenye ukurasa wa mzee: Julai mwakani, nusu ya dirishani.