Kuitazama Glaida Ikipotea Mbinguni

Nilikwenda El Calafate, kusini kabisa mwa Argentina, mwishoni mwa Agosti 2018 kwa ajili ya barafu ya Perito Moreno, ambayo sitaisimulia, kwa kuwa wenye kamera wamekwisha kuimaliza. Kilichonishangaza kilikuwa kwenye uwanja wa ndege: Perlan 2, glaida nyeupe, yaani ndege isiyo na injini, yenye mabawa ya zaidi ya mita 25 kutoka ncha hadi ncha, iliyoundwa Oregon, Marekani.

Fundi mmoja niliyekutana naye hotelini, penye kahawa ya bei ya mlo kamili wa kwetu na chumba kisichopata joto, alinieleza kwamba upepo wa magharibi ukivuka milima ya Andes huinuka kwa mawimbi, na glaida hupanda juu ya mawimbi hayo. Kwa kawaida mawimbi hufifia chini ya stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua. Majira ya baridi, hata hivyo, upepo mkali unaoizunguka ncha ya kusini huyawezesha kuendelea kupanda. Kwa uzalendo wa mtu wa Moshi nikamuuliza kwa nini wasije Kilimanjaro. Akacheka, akasema kwamba upepo huo haufiki karibu na ikweta, na kwamba mlima uliosimama peke yake hauwezi kufanya kazi ya safu nzima ya milima.

Tarehe 2 Septemba nilikodi teksi, kwa nauli ambayo bado inaniuma, nikasimama nje ya uzio nikitetemeka. Marubani Jim Payne na Tim Gardner hawakuhitaji mavazi ya wanaanga, kwa kuwa chumba chao hujazwa hewa yenye shinikizo la kutosha. Ndege ya Egrett iliwavuta kwa kamba hadi zaidi ya mita 12,000 kabla ya kuwaachia, ila mimi sikuona kuachiwa wala kupanda, maana muda si mrefu vyote viwili vilikuwa vimetoweka na nikabaki nimelipia anga tupu.

Baadaye zikaja habari kwamba walifika futi 76,124 kwa kipimo cha shinikizo la hewa, yaani karibu mara nne ya kimo cha Kilimanjaro, ilhali mwaka 2017 glaida hiyohiyo ilikomea futi 52,000 na ushei. Lengo lao lilikuwa futi 90,000, ambako shinikizo la hewa halifiki hata asilimia 2 ya lile la usawa wa bahari. Dereva wa teksi, aliyenitoza pia gharama ya kusubiri, alisema huwa haangalii juu.