Ngazi tatu za Imran

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Jumanne alfajiri nilishindwa kufungua mfereji nitawadhe. Vidole vilikaza kama vijiti. Mjukuu wangu akanifungulia, akangoja nimalize, kisha akanivutia kiti. Huu mwaka wa tatu naswali kitini, na mwanzoni nikiona haya mbele ya wenzangu wa darsa.

Baridi yabisi yangu ni ile ya kinga ya mwili kuyageukia maungo yenyewe. Daktari hakunificha: hakuna dawa ya kuing'oa, zipo za kuituliza. Yangu humezwa mara moja kwa wiki, na wiki nyingi zilipita kabla sijahisi nafuu. Muda wote huo nilikuwa nangojea kurudi kuwa yule mwanamke aliyekanda mahamri ya pishi nzima kabla jua halijatoka. Kila aliyekuja kunijulia hali hapa Mji wa Kale aliniambia, "Inshallah utapona kabisa, bibi." Nia yao njema, Mungu awalipe. Lakini wakishaondoka, nilibaki najiuliza imani yangu ina kasoro gani.

Imran bin Huswayn, sahaba, alikuwa na bawasiri. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) vipi ataswali. Akajibiwa: swali ukiwa umesimama, usipoweza, umekaa, usipoweza, kwa ubavu. Ameipokea Bukhari. Hadithi hii naijua tangu chuo cha Kurani, ila sikuwahi kuisikia kwa masikio ya mgonjwa. Imran hakuambiwa angoje apone ndipo aswali sawasawa. Alionyeshwa ngazi za kushukia, na hata ile ya chini kabisa, ya kulala ubavu, ni swala.

Na iko nyingine, pia kwa Bukhari: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima yuko kwao. Hii iliniliza. Mahamri yangu ya kufuturisha, yale ya miaka yote, bado nayatumainia.

Dawa siachi, wala dua ya shifa siachi. Lakini siku hizi nikiamka nauliza jambo moja tu: leo vidole vinakunja? Vikikunja, nakanda kibaba kimoja. Visipokunja, mjukuu anakanda, mimi nimekaa kando namwelekeza. Jumanne ile havikukunja. Tui likazidi, kinyunga kikamganda mikononi, tukaongeza konzi ya unga, akaendelea kukanda.