Kozi yangu ya mtandaoni ilivyopata wanafunzi

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kozi zetu zimo kwenye Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002. Kwa muda mrefu kozi yangu ilikuwa humo kwa jina tu. Napakia slaidi, hakuna anayeingia, kisha CR (mwakilishi wa darasa) ananiomba zilezile kwenye kundi la WhatsApp.

Nikataka kujua kinachowaudhi. Moodle yetu ilikuwa na hojaji iliyo tayari iitwayo COLLES, yenye kauli 24 katika mafungu sita: je, somo linamhusu mwanafunzi, mwalimu anamtia moyo, wenzake wanamjibu, na kadhalika. Iliweza kumuuliza hali ilivyo na hali anayoitamani, ukaliona pengo. Shida ilikuwa kwamba mwalimu aliona majina ya waliojibu. Nani atamwandikia mhadhiri wake kwamba hajibu maswali, na karatasi zake za mtihani bado zinamsubiri mhadhiri huyohuyo? Nikaandika maswali machache ya kwangu, kwa Kiswahili, kwenye zana nyingine ya humohumo inayoficha majina. Hapo ndimi zikafunguka.

Nilidhani watalalamikia sura ya mfumo. Wakalalamikia bando. "Mwalimu, bumu likiisha na Moodle imeisha," aliandika mmoja; bumu ni fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi. Slaidi zangu zilijaa picha nzito, na jaribio la dakika chache likimkuta mtu mtandao ukiyumba, limempita. La pili lilikuwa ukimya: wanatuma kazi, hawajui kama imesomwa.

Slaidi nikazigeuza PDF nyepesi. Majaribio yalinipa kazi zaidi. Programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua jaribio na kulifanya bila mtandao, ila mwalimu awe ameruhusu, asiwe ameweka ukomo wa dakika, na majibu sahihi yasionekane hadi mtu awasilishe. Bila ukomo wa dakika watafungua vitabu na kuulizana, hilo halikwepeki. Kwa hiyo nikatumia maswali ya kukokotoa, ambayo mfumo humpa kila mmoja namba zake. Wakiulizana, wanaulizana njia, na njia ndiyo ninayoifundisha.

Kuijaza benki ya maswali kulinila likizo nzima. Hapa ndipo wenzangu wengi wanapokasirika, na sioni kosa lao: kazi hiyo haihesabiwi popote kwenye mzigo wa ufundishaji. Watafiti DeLone na McLean, waliotoa mwaka 1992 mfano wa kupima mafanikio ya mifumo ya habari, waliurekebisha mwaka 2003 wakaongeza ubora wa huduma wanayopewa watumiaji. Kwangu huduma hiyo ina sura ya kijana mmoja wa TEHAMA anayepokea simu. Angekuwa hapokei, ningerudi kwenye makaratasi.

Sasa mfumo unasahihisha hesabu, mimi nabaki na maelezo yao ya matokeo. Kila Ijumaa naandika mstari mmoja au miwili chini ya kila kazi. Wakati mwingine ni "jedwali lako halina kichwa" tu, lakini tangu hapo wanaingia wenyewe.

Kwa mhadhiri atakayejaribu njia hii: wakumbushe waunganishe simu na mtandao kabla jaribio halijafungwa. Majibu yasiyotumwa hubaki kwenye simu, na maelezo utakayopewa Jumatatu asubuhi ni marefu sana.