Yatokanayo Yasiyokwisha

Nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya uanachama katika chama chetu cha kitaaluma, nilikabidhiwa faili la kumbukumbu za vikao, nami nikalisoma lote kwa usiku mmoja. Chini ya kichwa cha yatokanayo, yaani mambo ya kufuatilia kutoka kikao kilichopita, palikuwa na sentensi iliyojirudia kwa miezi 11 bila kubadilika hata neno: "Kamati ifuatilie wanachama ambao hawajalipa ada." Hakuna aliyeikataa kazi hiyo, na hakuna aliyeifanya. Kamati haipigi simu. Anayepiga simu ni mjumbe, na hakuna mjumbe aliyekuwa ametajwa.

Tulikuwa wajumbe 14. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio yake ya kuvuta kamba, yaliyoonyesha kwamba watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Watafiti waliokuja baadaye walibaini kwamba sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa mpigo mmoja, na sehemu nyingine na mtu kulegeza mkono akijua kwamba wenzake wapo. Kwetu yote mawili yalikuwepo, ingawa walioniachia faili walikuwa wamekwisha kuamua kwamba tatizo ni uvivu.

Anayejitolea huwezi kumkata mshahara, na ukimkaripia atatoa udhuru kikao kijacho na kile kinachofuata, mpaka akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ianze kusumbua. Kwa hiyo sikukaripia mtu. Nilimwomba katibu aongeze safu mbili tu katika kumbukumbu, ya jina moja na ya tarehe, na tukakubaliana kwamba azimio lisilo na jina halitaandikwa kabisa. Katika kikao cha kwanza cha utaratibu huo maazimio yalishuka kutoka tisa hadi matatu, jambo lililowaudhi baadhi ya wazee wa kamati, lakini yote matatu yalitekelezwa.

Moja lilichukuliwa na mjumbe kijana ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa karibu na mlango bila kusema neno. Nilikuwa nimempigia simu siku mbili kabla, nikamwomba awatafute wadaiwa 20 tu, kisha atuletee taarifa ya nusu ukurasa. Alikuja na habari ambayo hatukuitarajia: sita kati yao walikuwa wamelipa zamani, ila rejista haikuwa imerekebishwa. Mweka hazina alikuja juu. Nilishafungua mdomo ili nimjibie yule kijana, nikaufunga. Alitoa nakala za stakabadhi, akazisoma tarehe zake moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini, na mweka hazina akaomba muda wa kuhakiki.

Tangu siku hiyo imani yangu katika semina za uongozi imepungua, ingawa sizikatai. Kanuni ya tano ya ushirika, katika zile saba zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, inavitaka vyama viwape elimu na mafunzo wanachama wao, wawakilishi waliochaguliwa, mameneja na wafanyakazi, na ni kanuni ya busara. Lakini semina humpa mtu cheti, na kikao kigumu kinamngojea palepale. Ningechagua kazi ndogo yenye mwisho, yenye mamlaka kamili ya kuitekeleza, na yenye nafasi ya kukosea mbele ya watu wanaomheshimu mhusika.

Lililonishinda mimi ni kung'atuka. Katika mwaka wa mwisho wa muhula wangu nilimwachia makamu aendeshe vikao viwili huku nikikaa kwenye kiti cha mjumbe wa kawaida. Kikao cha kwanza kilipitiliza kwa dakika 40, kwa kuwa aliyaruhusu mengineyo ya mwisho wa kikao yageuke ajenda mpya, na mguu wangu ulicheza chini ya meza muda wote. Katika cha pili alifika kwenye yatokanayo, akasoma: kukabidhi orodha ya wanachama na nywila ya barua pepe ya kamati, jina langu, tarehe iliyopita kwa wiki mbili. Akaniuliza, kwa adabu zote, nimefikia wapi.