Usiandike nyuzi 25 ukiwa Mbeya

Asubuhi ya Juni, maji yaliyolala kwenye chumba kisicho na hita hapa Mbeya yanaweza kuwa na nyuzi 15. Programu nyingi za kukokotoa jinsi chembe za nano zinavyogandana majini zinakuja na nyuzi 25 zimeshaandikwa ndani. Ibadilishe kabla ya kugusa kitu kingine.

Fomula ya mwanafizikia Smoluchowski ya mwaka 1917 inasema kiwango cha chembe kugongana, K, ni 8kT/3μ, ambapo k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann na T ni joto kwa kelvini. T haibadiliki sana. Kinachosumbua ni mnato, μ, yaani uzito wa maji kutiririka, unaopanda kutoka milipaskali-sekunde 0.89 kwa nyuzi 25 hadi 1.14 kwa nyuzi 15. K inashuka kutoka 1.23 × 10⁻¹⁷ hadi 0.93 × 10⁻¹⁷ m³ kwa sekunde. Robo nzima imepotea.

Chukua titani dioksaidi aina ya anatase (moja ya maumbo ya fuwele zake), kipenyo nanomita 100, miligramu 20 kwa lita: idadi, N, ni karibu chembe 10¹⁶ kwa mita moja ya ujazo. Kama kila mgongano unanasa, idadi inafika nusu baada ya sekunde 2/KN, yaani 16 kwa nyuzi 25 na 21 kwa nyuzi 15. Ukiwa mezani ukatia chumvi, ambayo ndiyo inayofanya chembe zinasane, kisha ukatembea na chupa hadi kwenye mashine ya kupimia chembe, nusu hiyo imeshakupita.

Kwenye programu, bonge la chembe 5 linazaliwa 2 na 3 zikikutana. Zidisha jumla ya kuzaliwa kwa nusu, la sivyo 2+3 na 3+2 zitahesabiwa kama matukio mawili. Kosa hili halileti onyo lolote. Kila hatua, zidisha idadi ya mabonge kwa chembe zilizomo, ujumlishe: jibu lisibadilike. Likipanda, umesahau nusu. Likishuka, madaraja ya ukubwa wa mabonge yamekwisha. Umeishia bonge la chembe 50 na mabonge ya 51 yanamwagika nje.

Bonge lenyewe si tufe gumu. Lina matundu, kipimo chake cha fraktali (namba ya jinsi linavyojaza nafasi; tufe gumu ni 3) ni kama 1.8, hivyo chembe 1,000 zinatoa nusukipenyo cha mara 46 hivi ya chembe moja, si mara 10.

“Kila mgongano unanasa” ni kweli chumvi ikiwa nyingi, au pH ikikaribia 6, ambapo chaji ya anatase inaisha. Kwingine gawanya K kwa W, uwiano wa kasi ya juu kabisa ya kugandana uliyopima kwa ile ya sampuli yako. Usitumie maji ya bomba: kalisi, yenye chaji mbili, inagandisha kwa kiasi kidogo mno kuliko sodiamu.

Halafu kuna bafu la mawimbi ya sauti la kutawanyia unga, ambalo linapasha maji moto. Kipimajoto kiingie kwenye chupa yenyewe, dakika ileile unayotia chumvi.