Podo la gome

Jumapili, usiku

Leo gome limechanika mara ya pili. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu, moyo umeniuma kweli.

Natengeneza podo la mishale kwa namna ya Wamagyari wa kale, mababu wa Wahungaria, wale waliovuka milima ya Karpati na farasi wao karibu mwaka 895. Hapa Hungaria, nilikokuja kusoma, wanaliita tegez. Mzee anayetufundisha kulenga shabaha alisema mishale yangu isikae kwenye podo la dukani, akanipa gome la nyírfa, ule mti wenye ganda jeupe kama karatasi. Hubanduliwa kiangazi kinapoanza, utomvu ukiwa unapanda.

Nilidhani weupe ndio utakaa nje. Kumbe gome likishabanduka hujikunja kinyume: weupe huingia ndani, na upande wa kahawia, laini kama kiganja cha mtoto, ndio unaotazama watu. Ukishindana nalo linavunjika. Nikaliloweka kwenye maji ya moto, nikalifuata linakotaka.

Mshono wa ubavuni ulikwenda vizuri. Nilikosea kwenye kitako. Gome lina vistari vinavyozunguka shina, nami nilitoboa matundu yote sambamba navyo, kwa mstari mmoja. Nilipokaza uzi wa kitani, krr, likaachia kama stempu. Sasa napishanisha: tundu moja juu, moja chini.

Kitako ndicho roho ya podo hili. Mishale ya Wamagyari ilikaa ncha juu, manyoya chini, kwa hiyo podo hupanuka kuelekea chini ili manyoya yasipondeke. Aliye juu ya farasi huona ncha anayoitaka kabla hajaichomoa. Langu lina sentimita 90, kwa kuwa mshale hufunikwa wote, na juu huja kifuniko.

Mwezi jana nilikwenda Karos, kaskazini-mashariki, walikofukuliwa wapiganaji wa Kimagyari waliozikwa na silaha zao. Katika makaburi ya zama hizo, kinachobaki cha podo aghalabu ni vipande vya chuma na mabamba ya mfupa yaliyopamba mdomo wake. Umbo lote husomwa kutokana na mahali chuma kilipolala kando ya mifupa ya mwenyewe. Gome limekwisha. Sehemu iliyomla fundi siku nyingi kuliko zote ndiyo ardhi imeila kwanza, na tangu siku ile kila ninapotoboa tundu namfikiria huyo mtu, kama naye gome lilimchanikia mkononi, kama naye alilianza upya usiku huohuo.

Mimi nimelianza upya. Nimekata ukingo uliochanika, sentimita mbili zimepotea, si neno, mishale bado inaenea. Nimeshona nusu ya kitako na mshono unashika.

Jikoni mfupa wa muundi wa ng'ombe unachemka tangu saa kumi na mbili jioni. Mafuta yakishatoka yote nitaupasua kwa msumeno mwembamba, nianze mdomo.