Uso wa Hana Ulibadilika Kabla ya Jibu

Mama yangu alipougua, tulikaa wiki saba tukisubiri majibu ya vipimo yaliyokuwa yakiahirishwa kila mara, na katika wiki hizo nilijikuta naiogopa simu yangu. Niliilaza kifudifudi mezani ili nisione kioo chake kikiwaka, kisha nikawa naigeuza kila baada ya dakika chache kuhakikisha kwamba hakuna aliyenipigia. Usiku niliamka saa tisa bila kuamshwa na chochote, moyo ukinienda mbio, vidole vimekufa ganzi, na kabla sijakumbuka hata ni siku gani, hofu ilikuwa imekwisha kuketi kifuani. Nilikuwa Mkristo wa miaka mingi, na mara kwa mara nilisimama mbele ya wenzangu kuwafundisha kumtumaini Mungu.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa hofu yenyewe bali aibu ya kuwa nayo. Ndugu mmoja katika imani, mtu mwenye nia njema kabisa, aliniona nikilia baada ya ibada, akanishika bega na kuniambia kwamba mtoto wa Mungu halii mbele ya tatizo, kwa kuwa machozi humpa adui nafasi. Nilijifuta uso, nikaitikia amina, nikarudi nyumbani na mizigo miwili badala ya mmoja: ugonjwa wa mama, na shaka kwamba imani yangu ni ya bandia. Kuanzia hapo nikajizoeza kusali sala zilizonyooka, zenye shukrani mwanzo na shukrani mwisho, ambazo ndani yake hamkuwa na neno hata moja kuhusu yale yaliyokuwa yakinitafuna. Leo ninapozikumbuka sala zile, naona kwamba nilikuwa nikimficha Mungu jambo ambalo Yeye alikuwa akilitazama muda wote.

Aliyenisaidia ni Hana, mama yake Samweli. Nilikuwa nimekisoma kisa chake mara nyingi nikikimbilia mwisho, pale mtoto anapozaliwa, kwa hiyo sikuwa nimeyapa muda yale yanayotangulia. Sura ya kwanza ya kitabu cha Samweli wa Kwanza inamweleza mwanamke asiye na mtoto aliyekuwa akichokozwa mwaka baada ya mwaka na mke mwenzake, hata akawa analia na kususa chakula. Mumewe Elkana alimpenda kwa dhati, lakini alimuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi, swali ambalo nadhani kila aliyewahi kufarijiwa haraka haraka analifahamu. Hana alipofika hekaluni kuomba mtoto, midomo yake ilicheza bila sauti kusikika, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Hapo ndipo Hana alipotamka maneno ambayo kwangu ni mojawapo ya maelezo bora ya sala katika Biblia nzima: «Nimeimimina roho yangu mbele za BWANA.»

Kumimina ni neno zito. Anayemimina hachagui tone lipi litangulie na lipi libaki. Anainamisha chombo, na kilichomo kinatoka jinsi kilivyo, pamoja na machicha yake. Hana hakuusafisha uchungu wake kwanza ndipo aulete, wala hakungoja atulie ili asali vizuri. Aliuleta ungali uchungu. Kisha linafuata jambo ambalo lilinifanya niifunge Biblia na kukaa kimya kwa muda mrefu: baada ya Eli kumwambia aende kwa amani, Hana alikwenda zake, akala chakula, «wala uso wake haukukunjamana tena.» Wakati huo hakuwa na mimba. Hali yake nyumbani ilikuwa ileile, na mke mwenzake alikuwa bado anamsubiri. Uso ulibadilika kabla ya jibu, kwa kuwa mzigo ulikuwa umekwisha kupokewa na Mwingine, ingawa ombi lenyewe lilikuwa bado halijatimizwa.

Tangu hapo nikazisoma Zaburi kwa jicho jingine. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inapita katika kilio kirefu, na inamalizikia gizani bila mstari hata mmoja wa ushindi, nayo imo katika kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu bila mtu kuona haya. Zaburi ya 42 na ya 43 zinarudia mara tatu swali lilelile: «Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?» Mtunzi wake aliiuliza nafsi yake, akaijibu kwamba imtumaini Mungu, kisha baada ya mistari michache alilazimika kuiuliza tena. Nilifarijika sana kuona kwamba hata yeye hakutulia kwa mara moja. Kumtumaini Mungu kumbe kunaweza kuwa kazi ya kurudiwa asubuhi, mchana na usiku wa siku ileile, na kule kurudia hakumaanishi kwamba ya asubuhi ilikuwa ya uongo.

Na yupo Bwana Yesu mwenyewe. Alilia akielekea kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro huku akijua kwamba muda si mrefu angemfufua, jambo linalotosha kuonyesha kwamba kujua mwisho mwema hakufuti huzuni ya sasa. Katika bustani ya Gethsemane aliwaambia Petro na wana wawili wa Zebedayo kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye, kisha akaomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Kama Yeye asiye na dhambi alitetemeka na bado akasema mapenzi ya Baba yatimizwe, basi kutetemeka na kutii vinaweza kukaa katika moyo mmoja kwa wakati mmoja. Natamani ningelijua hili siku ile niliposhikwa bega.

Sisemi kwamba hisia ziachiwe usukani. Hofu yangu ilikuwa ya kweli kama hofu, lakini habari ilizoniletea hazikuwa za kweli zote. Iliniambia kwamba mama amekwisha kufa, kwamba nitabaki peke yangu, kwamba Mungu amenyamaza kwa sababu amenichoka. Kwa hiyo nilinunua daftari la kawaida lenye mistari, na kila nilipoamka saa tisa nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikashusha pumzi polepole mara kadhaa mpaka mapigo ya moyo yapungue, kisha nikaandika sentensi moja inayoanza na maneno «Baba, naogopa kwamba». Nilijilazimisha kumalizia sentensi, kwa maana hofu isiyo na jina hujaza chumba kizima, lakini ikiandikwa kwa kalamu huenea katika mstari mmoja au miwili. Chini yake niliandika kile ninachokijua hasa kufikia saa ile, si ninachokidhania. Usiku mmoja niliandika hivi: «Baba, naogopa kwamba kesho watasema hakuna la kufanya. Ninachokijua: leo jioni amekunywa uji wote, na amenicheka nilipokosea kufunga kanga yake.» Mara nyingi nilimalizia kwa kunakili mstari wa Petro unaotuagiza kumtwika Mungu fadhaa zetu zote, kwa maana Yeye hujishughulisha sana na mambo yetu, kisha nikazima taa. Kuna usiku nililala. Kuna usiku sikulala, lakini sikuwa peke yangu katika kukesha.

Hasira ilinisumbua kuliko hofu, kwa sababu sikutaka kukiri kwamba ipo. Niliwakasirikia waliokuwa wakiahirisha majibu, nikamkasirikia ndugu yule, na ukweli ni kwamba nilimkasirikia Mungu pia. Paulo anawaambia Waefeso wawe na hasira ila wasitende dhambi, na jua lisichwe uchungu haujawatoka, maneno ambayo yanakubali kwamba hasira itakuja na papo hapo yanaiwekea mpaka wa saa. Nilijifunza kumweleza Mungu hasira yangu kabla sijamjibu mtu yeyote, na ilinibidi mara mbili kuomba radhi kwa watu niliowajibu kwanza.

Mwili nao usisahaulike. Nabii Eliya alipofika chini ya mretemu, mti wa jangwani, akiomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kumpa mafundisho. Malaika alimgusa mara mbili, na mara zote mbili ujumbe ulikuwa ainuke ale, na mara ya pili akaongeza kwamba safari ilikuwa kubwa mno kwake. Katikati ya milo hiyo nabii alilala. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, huko kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Katika wiki zile kuna siku nilizosali kwa saa mbili bila kutia kitu mdomoni nikiita kufunga, ilhali ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshindwa kula, na ninaona sasa kwamba kulala na kula kungekuwa utii mkubwa zaidi.

Nalazimika kuongeza jambo moja kwa yeyote ambaye giza lake limedumu kuliko langu, asiyelala kwa majuma, au anayeomba kama Eliya kwamba afe. Tafadhali mwambie mtu leo, ana kwa ana kama inawezekana, na umwone daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Kwenda kwake si kumwacha Mungu. Yesu hakuona aibu kuwaomba wanafunzi watatu wakae naye usiku, na Luka, mwandishi wa Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Katika wiki ya sita nilimwendea mama mmoja mzee wa kanisani ambaye alikwisha kuwazika watoto wawili. Nilimweleza yote, pamoja na yale ya kumkasirikia Mungu. Hakunipa mstari wowote. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akasema, «Lia, mwanangu, mimi nipo,» na tukakaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuingia giza, ndipo akasali kwa sentensi mbili tu, ya kwanza ikimwambia Mungu kwamba mtoto wake anaogopa.

Majibu yalikuja Jumanne. Hayakuwa mabaya kama nilivyoyaogopa, wala hayakuwa mazuri kama nilivyoyaomba, na mama bado yuko kwenye matibabu. Jana usiku niliamka tena saa tisa. Nikawasha taa, nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika, «Baba, naogopa kwamba», na kutoka chumba cha pili nikasikia mama naye yuko macho, anaimba kwa sauti ndogo.